Tumbaku Iliyobaki Juu ya Moto

Nyumba ya Bi Helena ipo mpaka leo, ukitoka Mafinga, ukaiacha misonobari nyuma yako na kuteremka bondeni. Ukipita asubuhi utamkuta binti yake, Lea, akifagia uwanja, naye atakusalimu vizuri, kamwene, habari za kwenu. Yaliyompata sisi majirani tunayajua kwa sababu ametusimulia mwenyewe, polepole, na kila akifika mahali fulani hujishika kifundo cha mkono.

Yalianza mwezi wa sita, siku chache baada ya baba yake, Mzee Sosthenes, kuzikwa. Ndugu waliotoka mbali walikuwa wamekwisha kuondoka. Lea alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake kule Mbalizi. Alibaki ili amtulize mama yake kwanza, kisha amchukue wakaishi wote huko.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mabua ya mahindi. Lea alichota maji, akakoka moto, akapika uji. Mama yake alikaa pembeni ya mafiga, kikombe mkononi, hanywi.

"Mama, jamani, funda moja tu."

"Uji wako hauna kosa, mwanangu. Mdomo ndio umekataa."

"Sasa unataka nini? Sema, nitakutafutia hata Mafinga."

Bi Helena akainua macho juu. "Ningepata ugoro wa baba yako. Kidogo tu. Nipige chafya nijue bado ni mzima."

Lea akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Mama wa kanisani wewe, na ugoro!"

"Kanisa halijanikataza kupiga chafya."

Juu ya moto, kwenye fito zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta, ilining'inia tumbaku ya Mzee Sosthenes. Mzee aliilima kila mwaka nyuma ya nyumba, pale palipokuwa zizi la ng'ombe zamani. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo alizichanganya na majivu ndipo azimwage kitaluni, akafunika kwa nyasi. Miche ikishakuwa mikubwa aliikata maua na kung'oa machipukizi ili nguvu yote ibaki kwenye majani. Alivuna majani ya chini kwanza. Aliyaacha yanyauke kivulini, akayafunga kwa kamba ya gome, akayatundika jikoni, na kila siku aliyageuza.

Lea alipokuwa mdogo baba alimfundisha mambo mawili ambayo hakuyasahau. La kwanza, jani halitundikwi peke yake. Yanafungwa jozi, moja huku, moja huku, katikati kamba. La pili, ni rangi. Jani huingia jikoni la kijani, likawa manjano, kisha kahawia. "Likiwa manjano bado linasikia," mzee alikuwa akisema. "Likishakuwa kahawia, ndiyo basi."

Na fundo lake lilijulikana kijiji kizima. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilibaki kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao alipokuwa kijana, kwa hiyo alivuta ncha ya kamba kwa meno. Kila fundo lake lilikuwa na ncha iliyotafunwa.

Lea akapanda kigoda. Akachagua jozi moja iliyokwisha kukauka, akajaribu kufungua fundo. Likakaza. Akachukua mkasi wake wa kushonea akalikata.

Moto ukashuka, kama mtu aliyeshusha pumzi. Kisha ukawaka tena. Lea hakujali. Alisaga majani kwenye jiwe pamoja na magadi, akamtilia mama ugoro kiganjani. Bi Helena akavuta, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka, akacheka, akanywa uji wote. Ilikuwa siku nzuri.

Asubuhi iliyofuata, mahali pale palipokuwa na jozi ya majani, kilining'inia kilemba cha Bi Helena.

"Mama, umetundika kilemba motoni?"

"Mimi? Kigoda chenyewe siwezi kupanda, nitapanda kwa mabawa?"

Lea akakiangalia. Kilikuwa kimekunjwa kirefu na kufungwa kwa kamba ya gome. Ncha ya kamba ilikuwa imetafunwa. Akaigusa. Ilikuwa na mate.

Akajiambia ni unyevu wa ukungu. Akakata kamba kwa mkasi, akampa mama kilemba chake. Mama alikifunga, lakini siku nzima alilalamika kwamba anahisi baridi kichwani. Jioni Lea alipomsuka, nywele zilikatika mkononi kama nyasi za kiangazi.

Kisha zikaja kandambili. Zilitundikwa jozi, moja huku, moja huku. Lea akakata. Siku hiyo miguu ya Bi Helena haikumbeba tena.

Akampeleka zahanati kwa bodaboda, akiwa amemshika katikati asianguke. Muuguzi akapima presha, akapima malaria, akasema, "Mama hana ugonjwa, dada. Ni majonzi. Mpe muda." Lea akaitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba mama yake ananukia. Harufu ilikuwa tamu, ya asali na nyasi kavu. Aliijua harufu hiyo tangu utotoni. Ni harufu ya jani linapoanza kugeuka.

Kisha ikaja kanga aliyolalia. Lea alikata kamba, na mama yake akaacha kuzungumza.

Alilala tu, akitazama fito. Ngozi ya uso na mikono ilikuwa imekauka, mishipa imejitokeza. Lea akamsogeza mlangoni kwenye mwanga, amtazame vizuri.

Alikuwa manjano.

Lea alimfunika, akafunga mlango, akakimbia ng'ambo ya bonde kwa baba yake mdogo, Marcelino, mdogo wake marehemu. Alimkuta akimenya viazi barazani.

"Kamwene, baba mdogo."

"Kamwene, mwanangu. Mbona unahema? Umefukuzwa na mbwa?"

Lea akamweleza yote. Marcelino alisikiliza mpaka mwisho. Kiazi kilimtoka mkononi kikabingirika uwanjani, hakukifuata.

"Nani alikuambia ushushe tumbaku?"

"Mama alitaka ugoro."

"Nani aliipokea?"

"Kuipokea vipi?"

Mzee akajifuta mikono taratibu. Akashusha sauti, ingawa uwanjani hapakuwa na mtu. "Sisi kwenye ukoo wetu, tumbaku hushushwa na aliyeitundika. Mwenyewe akifa ingali juu, kabla hajatolewa nyumbani mtu mmoja huingia jikoni. Hushika ufito, humtaja jina, humwambia: pumzika, kazi nimeipokea. Usipomwambia, hajui kama amemaliza. Anakuja kugeuza majani yake. Akikuta pengo, anajaza."

"Mbona hamkumwambia?"

"Ilikuwa zamu yangu." Akatazama viazi. "Mchungaji alikaa pale nje, wazee wenzangu wa kanisa wamemzunguka. Nikaona aibu kuingia jikoni kuongea na majani. Nikasema, haya ni mambo ya kale."

Marcelino akamshika bega.

"Mama yako amefika rangi gani?"

"Manjano."

"Basi bado anasikia. Rudi. Usikate tena kamba, kila ukikata unazidi kumwondolea baba yako kazi yake. Fungua kwa mkono. Na useme yale maneno."

"Twende wote, useme wewe."

"Mimi sina nguvu ya jembe, na yeye anajua. Hupokea yule atakayelima. Ukisema, umesema, Lea. Kila mwaka. Mbalizi utaisikia redioni." Akaanza kutafuta viatu vyake. "Tangulia. Nakuja nyuma."

Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kuifuta njia. Lea alikwenda kwa mazoea ya miguu. Alipofika uwanjani aliona moshi ukitoka kwenye paa la jikoni.

Hakuwa ameacha moto.

Kitanda cha mama kilikuwa kitupu.

Akasukuma mlango wa jikoni. Ndani palinukia asali. Mafiga yalikuwa ya baridi, majivu hayana hata kaa moja, na moshi ulijaa mpaka kiunoni. Majani yote juu ya fito yalikuwa yakigeuka. Moja baada ya jingine. Polepole. Kama yanavyogeuzwa na mtu mwenye subira.

Bi Helena alikuwa amesimama juu ya kigoda.

Miguu ambayo haikuweza kumbeba ilisimama wima. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeshikamana na ufito. Kamba ya gome ilizunguka kifundo cha mkono.

"Mama," Lea akanong'ona.

"Shika kigoda, mwanangu." Sauti ilikuwa kavu, lakini yenye furaha kidogo, kama ya mwanamke anayepimwa gauni. "Baba yako ananifunga."

Lea akashika kigoda. Kisha akatazama juu, na akatamani asingetazama. Kamba ilikuwa na vitanzi viwili, kama kamba ya jozi yoyote. Kimoja kilishika mkono wa mama. Cha pili kilikuwa upande wa pili wa ufito. Hakikushika kitu. Lakini kilikuwa kimejaa, cha mviringo, kimevutwa chini kama kamba iliyobeba uzito wa mkono wa mtu.

Ngozi ya mama ilikuwa ikibadilika. Kuanzia kwenye kamba. Kahawia ilikuwa ikishuka kiganjani na kwenye mkono kama chai inavyopanda kwenye kitambaa.

Mkasi ulikuwa mfukoni mwa Lea. Vidole vyake vilikwisha kuugusa.

Akauachia. Akapanda kigodani, kifua chake kikigusa mgongo wa mama, akashika ufito kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa wa moto.

"Sosthenes," alisema. Maisha yake yote hakuwahi kumtaja baba kwa jina. "Baba. Pumzika. Kazi nimeipokea."

Majani yakasimama.

"Nitalima mimi. Nitamwaga mbegu, nitakata maua, nitatundika. Sitarudi Mbalizi. Mwache mama."

Karibu na sikio lake palisikika sauti ndogo, ya meno yakiachia kitu.

Fundo likalegea. Lea akalifungua kwa ukucha, uzi kwa uzi, na lilipokuwa likifunguka alisikia mate kwenye vidole vyake. Mama akamwangukia mikononi, mwepesi kama mzigo wa majani makavu.

Marcelino aliwakuta wamekaa chini, wamekumbatiana karibu na mafiga yaliyopoa. Bi Helena akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu.

"Wewe Marcelino," akasema, "mbona umevaa kiatu kimoja?"

Ni kweli. Alikuwa amevaa kimoja.

Bi Helena alipona. Rangi ilimrudia taratibu, nywele zikaota, na kufikia msimu wa kupanda alikuwa akitembea mwenyewe mpaka kanisani. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia imebaki alama ya kahawia, nyembamba kama kamba. Ameisugua kwa sabuni na kwa limao. Haitoki.

Lea aliuza cherehani moja, nyingine akaileta nyumbani, na kibanda cha Mbalizi akamwachia mwenzake. Novemba alichanganya mbegu na majivu. Alikata maua, aling'oa machipukizi, alivuna majani ya chini kwanza. Kabla ya kutundika jozi ya kwanza alishika ufito, akamsalimu mzee. Tumbaku ilikauka vizuri, na wazee wa kijijini walisema ni ile ile. Hakuna kilichotundikwa tena ambacho hakukitundika yeye.

Ila ile kamba. Aliogopa kuichoma na aliogopa kuitupa, kwa hiyo aliiacha pale pale mwisho wa ufito. Kitanzi alichokifungua kilining'inia kimelegea, uzi mtupu. Kile cha pili kilibaki na umbo lake, na baadhi ya asubuhi alikikuta kikiyumba.

Mwaka huu, mwezi wa sita, aliingia jikoni kukoka moto akakuta kitanzi kilicholegea kimefungwa tena. Ncha imetafunwa, bado mbichi. Akaita, "Mama!" Mama akaitikia kutoka uwanjani, mzima, akichambua maharage, akiimba.

Lea akasogea. Ameshona nguo za watu tangu usichana, na kipimo cha mwili hahitaji futi kukijua. Alikitazama kitanzi kile kwa muda. Kilikuwa kipana kidogo kuliko mkono wa mama yake.

Hakuthubutu kukijaribu mkononi mwake. Alivuta mkono wa sweta ukafunika kifundo chake, akainama, akaendelea kukoka moto.