Mguu wa Mzee Lewa

Harufu ya tembo la mnazi ndiyo iliyotangulia. Ilitanda ndani ya ukumbi wa meli ambamo wiki nzima hapakuwa na kitu ila gundi, rangi na vumbi la mbao.

"Umekunywa?" Zein, mpaka rangi wa Mambrui, alimwuliza Gona seremala.

"Kazini? Mimi?" Gona alicheka. Laiti angalijua, asingalicheka.

Mwaka huo wa 1984 meli ya watalii ilikuwa safarini kuelekea chelezo cha Mombasa, itolewe majini ikarabatiwe, na wenye meli walitaka ukumbi uwe tayari kabla ya kufika, abiria wakiwa mumo humo. Kwa hiyo kila saa nane mchana, abiria walipolala, nyundo zilinyamazishwa.

Jana yake msimamizi alikuwa ameleta kutoka ghala la meli nguzo sita za kupamba ukumbi, zilizonunuliwa dukani na kupakwa rangi nyeusi nzito. Gona, Mgiriama wa Kibarani, alizijua. Vilikuwa vigango, nguzo wanazosimamishiwa wazee waliokufa, na kigango kikishasimama hakiguswi. Hata baba yake, Mzee Lewa, alikuwa nacho. Gona alikichonga kwa mkono wake, maana mzee aliomba asimamishwe karibu na mlango, awasikie wajukuu wakicheza.

Lakini akajiambia kuwa koma ana watu wake. Roho ya mzee wa wenyewe haina kesi na mwana wa mwingine. Kigango kimoja kilizidi dari. Akakikata chini shibiri nzima, na kipande kikatupwa baharini pamoja na takataka.

Sasa nyundo ziliponyamaza, nyuma ya ubao wa ukuta mtu alitembea. Hatua moja, kisha mburuto. Hatua, mburuto.

"Audhubillahi," Zein alinong'ona. "Gona, huyu anachechemea."

Kesho yake, saa ileile, hatua zilitoka ukutani, zikazunguka meza zilizofunikwa, zikaja polepole pamoja na harufu ya mnazi na ya ugoro ambao Gona aliujua tangu utotoni, zikaja hata zikasimama mgongoni pake, na sauti ya kizee isiyo na hasira hata chembe ikasema, "Gona, mwanangu, mbona mguu?"

Gona alishika patasi, akakwangua rangi ya kile kigango alichokikata. Chini yake palikuwa na safu ya pembetatu, moja imepinduka. Aliikosea mwenyewe miaka sita nyuma, machozi yalipomziba macho.

"Ni baba, Zein. Nimemkata baba."

Siku meli ilipoingia chelezoni Gona na Zein walikitoa kigango kimefungwa ndani ya turubai la mpaka rangi.

Mamake Gona, Sidi, alilia alipokiona kikirudi nyumbani Kibarani. "Tuliamka hatukumkuta, mwanangu. Nikaogopa kukutumia habari."

Gona alikisimamisha karibu na mlango, akamwaga mnazi, akaomba radhi. Lakini mzee hakutulia. Kila alfajiri hatua na mburuto huteremka kwenda baharini, kisha hurudi. Gona akifungua mlango hukuta unyayo mmoja wa maji ya chumvi, na kando yake mstari mrefu mchangani. Hapo huketi, mtu mzima mwenye watoto, akalia, akajaribu kumweleza baba yake ni wapi hasa alipoutupa ule mguu, na bahari haina alama.