Mtu Aliyebwekewa na Karanga

Jumamosi asubuhi Akoth alimaliza kufua, akaanika nguo kwenye kamba iliyokatiza ua wa ploti, kisha akapindua beseni na kulikalia. Hakuwa amechoka. Alikuwa analinda.

Siku hizo, katika ploti yao, vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja huko Soweto West, Kibera, hakuna aliyeanika nguo akaiacha peke yake. Kwanza ilipotea blanketi ya mtoto mchanga wa Mama Marvin, jirani wa mlango wa pili. Kisha ikapotea sweta ya kijani ya Akoth, ikambidi aende darasa la sita akitetemeka kwa baridi ya Julai. Halafu ikatoweka shali ya mama yake, ile aliyoivaa kanisani. Hakuna kufuli iliyovunjwa. Wapangaji waliozoea kuazimana chumvi sasa walifunga milango hata walipokwenda msalani, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Miguuni pa Akoth alilala Karanga, mbwa mdogo mwenye rangi ya maganda ya karanga. Ouma, baba yake Akoth, alimtoa mtaa wa Kawangware 46 mwaka uliotangulia, alipokuwa akifanya kibarua cha ujenzi huko. Karanga alikuwa mpole. Watoto wa ploti walimvuta masikio naye akawalamba mikono. Zamani alizurura uani atakavyo, lakini tangu nguo zianze kupotea alifungwa kamba ili naye alinde.

Ghafla mlango wa mabati wa ploti ulifunguliwa na mlio ukasikika: kling, klang, kling. Karanga aliruka akasimama. Manyoya ya mgongo wake yakasimama pia. Alibweka kwa sauti ya kukwaruza, akijirusha mbele mpaka kamba ya shingoni ikamkaba.

Aliyeingia alikuwa Wangila, fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi hubeba kwenda shule za bweni. Alihamia hapo mwezi wa Juni. Mkewe na binti yake, Nelima, walibaki Bungoma. Begani alibeba mfuko wa turubai uliojaa nyundo na mikasi ya kukatia bati.

"Mshike huyo mbwa, msichana," alisema.

Mama Marvin alichungulia mlangoni kwake. "Mnaona?" aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote. "Hapa tuko wapangaji wengi, na Karanga hambwekei mwingine. Mbwa anamjua mwizi kwa harufu. Na nguo zilianza kupotea lini? Si huyu alipohamia?"

Wangila alijifanya hakusikia. Alipita akijibana ukutani, akaingia chumbani mwake. Akoth aliishika kamba kwa mikono miwili, na moyoni akaona fahari. Mbwa wake alikuwa amemshika mwizi.

Mchana huo Marvin alimwita. Marvin alikuwa rika lake na walisoma darasa moja.

"Sasa, Akoth. Kuja uone," alinong'ona. "Ukuta wa fundi uko na tundu."

Walichutama nyuma ya chumba cha Wangila, wakachungulia kwa zamu. Akoth alimwona fundi akikunja kitu laini cha rangi ya kijani, akakiweka ndani ya sanduku na kulifunga kwa kufuli.

"Ni sweta yako," Marvin alisema.

"Sijui. Ilikuwa kitu cha kijani."

"Si sweta yako ni ya kijani?"

Akoth alimwambia mama yake kwamba ameona kitu cha kijani. Mama alimwambia Mama Marvin. Kufikia jioni, habari ilipofika kwenye kibanda cha maji, ilikuwa imekuwa hivi: Akoth ameiona sweta yake kwa macho yake mwenyewe ndani ya sanduku la fundi. Akoth aliisikia akiwa kwenye foleni na mtungi wake. Alifungua mdomo kusahihisha, lakini wanawake walikuwa wakimsifu kwa ujasiri wake, naye akaufunga tena.

Baba aliporudi kutoka kazini aliambiwa kwamba wapangaji watakutana Jumapili baada ya ibada ili fundi afukuzwe. Hakufurahi. "Vijana pale nje wanasema kumfukuza hakutoshi," alisema polepole. "Nimewahi kuona mtu akipigwa kwa ajili ya kuku aliyepotea. Kesho yake kuku akapatikana juu ya mti. Akoth, una hakika na ulichokiona?"

"Nilikiona, Baba," alijibu, akiangalia sakafu.

Jumapili asubuhi Wangila alitoka kwenda kanisani. Alivaa shati jeupe na kubeba Biblia. Akoth alimshika Karanga upesi, akisubiri vurugu. Karanga aliinua kichwa, akamtazama fundi akipita, akakilaza tena. Hakubweka hata kidogo.

Akoth alishangaa. Kama mbwa humjua mwizi kwa harufu, harufu ya Jumapili ni tofauti na ya Jumamosi? Alimwangalia fundi mpaka akatoka nje ya mlango. Ni yule yule, ila hakuwa na mfuko.

Alipokuwa bado akiwaza, aliifungua kamba ya Karanga ili ampe maji. Wakati huo huo jirani wa upande wa pili, aliyekuwa akitengeneza paa lake, aliponyokwa na kipande cha bati. Bati lilianguka juu ya mawe, kwaaa! Karanga alibana mkia katikati ya miguu. Alizunguka uani kama asiyejua njia, akairukia kamba ya nguo, akang'oa leso ya Mama Marvin, akakimbia nayo nyuma ya bafu.

Akoth alimfuata. Nyuma ya bafu, sakafu ya mbao ya chumba cha mwisho ilikuwa imeinuka kidogo kutoka ardhini. Alilala kifudifudi, akachungulia chini yake. Karanga alikuwa humo, amejikunja, anatetemeka mwili mzima. Pua yake ilikuwa imezama ndani ya sweta ya kijani. Pembeni yake kulikuwa na leso aliyoing'oa, blanketi ya mtoto, shali ya mama, na ndala moja isiyo na mwenzake.

Mwizi alikuwa mbwa wake mwenyewe. Akisema, watamuua Karanga. Aliwahi kuona walivyofanya kwa mbwa wengine, kwa sumu au kwa mawe. Angeweza kuzichukua nguo kimyakimya na kuzitupa mahali. Hakuna ambaye angejua. Lakini kule uani tayari alisikia viti vikiburutwa, na sauti ya Mama Marvin ikiuliza, "Fundi amerudi?"

Akoth aliporudi, Wangila alikuwa amesimama katikati ya ua. Vijana wasio wa ploti hiyo walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja alishika rungu.

"Leta hilo sanduku," Mama Marvin aliamuru.

Wangila alilitoa, akalifungua. Alinyanyua gauni dogo la kijani. "Ni la binti yangu, Nelima. Nililinunua kwenye soko la mitumba ili nimpelekee Agosti. Hii ndiyo sweta yenu?"

Watu walinung'unika. "Sweta ameshaiuza!" kijana mwenye rungu alipaza sauti. "Msichana si aliiona? Mwacheni aseme!"

Macho yote yalimgeukia Akoth. Mama yake alimgusa bega. "Nyathina, mtoto wangu, sema."

Akoth alimtazama baba yake, kisha fundi. "Sikuona sweta," alisema. "Niliona kitu cha kijani tu. Watu wakasema ni sweta, nikanyamaza. Nguo hazikuibwa na fundi. Ni Karanga. Njooni muone."

Walichungulia chini ya mbao, mmoja baada ya mwingine. Ouma alizitoa nguo, akaziweka juu ya beseni. Kijana mwenye rungu aliwasukuma wenzake, wakaondoka.

Aibu ya Mama Marvin iligeuka hasira. "Basi mbwa auawe! Ametufanya wajinga wote." Aliokota jiwe.

"Hapana, mama," Wangila alisema. "Dakika chache tu zilizopita mlitaka kunimaliza mimi. Sasa ni zamu ya mbwa. Mkishammaliza, mtamtafuta nani?"

Mama Marvin alilitazama jiwe mkononi mwake, akaliachia.

Ouma alisema kwamba wiki hiyo daktari wa mifugo angefika katika uwanja wa shule kule Mashimoni kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Wangemwonyesha Karanga kabla ya kuamua lolote. Wapangaji walikubali, ingawa wengi walisema wanaona hiyo ni mbinu ya kupoteza wakati.

Daktari Ngina alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya gambuti. Hakumshika Karanga mara moja. Alichutama kwa upande bila kumkazia macho, akangoja mpaka mbwa alipomkaribia mwenyewe na kumnusa. Akoth alimweleza kila kitu: mfuko, bati lililoanguka, nguo chini ya sakafu.

"Alipokuwa Kawangware aliishi wapi?" daktari aliuliza.

Ouma alikuna kichwa. "Alikuwa amefungwa kwa mnyororo karibu na karakana ya vyuma. Akibweka, walimrushia vipande vya chuma anyamaze. Ndiyo sababu niliwaomba nimchukue."

"Basi hiyo ndiyo hadithi yake," daktari alisema. "Alikuwa amefungwa, hana pa kukimbilia. Kila mlio wa chuma ulimletea maumivu. Sasa akisikia mfuko wa fundi, anadhani maumivu yanakuja. Kubweka kwake ni kusema: kaa mbali nami, naogopa. Nguo alizichukua kwa sababu zina harufu ya watu anaowapenda. Zinamtuliza."

"Tukimchapa hataacha?" aliuliza Marvin, aliyekuwa amewafuata.

"Ukimchapa, utamthibitishia kwamba mlio wa chuma huleta kipigo. Labda ataacha kubweka, lakini hofu itabaki. Siku moja atauma bila kuonya."

Alimfundisha Akoth la kufanya. Mlio uanze mbali na uwe mdogo sana, na kila unaposikika, Karanga apewe kitu anachokipenda. Akikataa kula, Akoth ajue wamesogea karibu mno, warudi nyuma. Mbwa asivutwe wala asilazimishwe. Pia apewe pembe yake tulivu na nguo kuukuu ya kulalia.

Kazi hiyo haikuwezekana bila mwenye mfuko. Jioni Akoth alisimama mlangoni kwa Wangila kwa muda kabla ya kubisha.

"Fundi, naomba unisamehe. Na naomba unisaidie."

Wangila alimtazama kwa mashaka. "Nimsaidie mbwa aliyenitia mashakani? Kesho akinibwekea tena mtasema nini?"

Akoth alimweleza kuhusu karakana ya Kawangware na vipande vya chuma. Fundi aliitazama nyundo iliyokuwa mezani pake, akaigeuza. "Watu wa kazi yangu walimfanyia hivyo?" aliuliza. Aliilaza nyundo chini, akasema, "Tutaanza kesho."

Walianza kwenye kijia nje ya ploti. Fundi alisimama mbali, akagonganisha misumari miwili ndani ya kitambaa. Karanga alisimamisha masikio. Akoth akamrushia omena, dagaa wakavu ambao mama yake aliwauza kila siku kando ya reli. Mlio, omena. Mlio, omena. Majirani walitazama wakiwa wamekunja mikono. Mama Marvin alisema hajawahi kuona mbwa akilipwa kwa kusikiliza misumari.

Mambo hayakwenda sawa kila siku. Jioni moja Marvin, akitaka kuharakisha, aliudondosha mfuko mzima karibu na Karanga. Mbwa alikimbilia chini ya sakafu na hakutoka hata kwa omena. Akoth alilia kwa hasira. Wangila alimwambia, "Pole. Tunarudi mwanzo." Wakarudi kwenye misumari na kitambaa.

Shule zilipofungwa kwa likizo ya Agosti, fundi aliweza kusimama mlangoni na mfuko wake begani, na Karanga, badala ya kubweka, alimgeukia Akoth akitafuta omena. Kisha ikafika jioni ambayo Karanga alitembea mwenyewe mpaka kwenye mfuko, akiwa amerefusha shingo, tayari kukimbia. Aliunusa. Wangila hakumgusa wala hakusogea. Karanga aliunusa mkono wa fundi pia, akarudi kwa Akoth akitikisa mkia.

Mama Marvin aliyaona yote hayo akiwa mlangoni kwake. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akakiweka mbele ya Wangila. "Kunywa, fundi," alisema. "Nilikukosea." Fundi aliipokea chai.

Akoth aliketi karibu naye. "Bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika sana," Wangila alijibu. "Si kwa sababu uliona kitu cha kijani. Kila mtu anaweza kuona vibaya. Ni kwa sababu ulijua huna hakika, ukawaacha watu waendelee."

Akoth aliinamisha kichwa.

"Lakini siku ile ulisema ukweli ukijua unaweza kumpoteza mbwa wako. Hilo sitalisahau." Fundi aliwageukia pia Marvin na mama yake. "Karanga alinibwekea kwa sababu aliogopa. Sisi watu nasi tukiogopa kuibiwa, tunamrukia aliye karibu na tusiyemzoea. Mbwa hawezi kuuliza maswali, sisi tunaweza. Ukimshuku mtu, muulize kwanza, na useme tu kile ulichokiona. Na ukikutana na anayebweka, mtu au mbwa, tafuta kinachomtisha kabla ya kuokota jiwe."