Kilichokuwa Ndani ya Shina la Nyanya

Maneno ya muuza mkaa yalimwingia Mama Pacha sikioni yakagoma kutoka.

"Simtaji mtu," alisema yule, "ila mchunge wifi yako. Anaonekana sana kwenye mfereji wenu."

Mama Pacha alirudi bustanini roho juu. Nyanya zake zilikuwa zinanyauka na majani yangali mabichi. Jana zimesimama, leo zimelala. Na pacha wake walikula kwa nyanya hizo.

Aling'oa zilizokufa, akazitupa mferejini kama kawaida yake. Alipoinua kichwa, wifi yake, mwenye bustani ya chini kwenye mfereji huohuo, alikuwa amesimama mbele yake na bibi shamba.

"Unatafuta nini kwangu?" Mama Pacha aliuliza.

"Nakuuliza wewe! Bilinganya zangu zinakufa. Mbona unanitupia vitu?"

"Mimi?"

"Si hivi?" Wifi alinyanyua mche wa nyanya uliolowa. "Vinakuja na maji kila siku."

Mama Pacha aliutambua mche wake.

Bibi shamba aliomba glasi ya maji safi. Alikata shina la mche ulionyauka, karibu na mizizi, akalishikilia ndani ya maji. Punde, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka.

Mama Pacha alirudi nyuma. "Na wewe umetumwa?"

"Nimetumwa na nyanya," bibi shamba alicheka. "Huu ni ugonjwa wa udongoni. Vijidudu vyake vinaziba njia ya maji ndani ya shina. Vinasafiri kwa maji, jembe na viatu. Kabla ya nyanya ulipanda nini hapa?"

"Bilinganya."

"Na kabla ya bilinganya?"

"Nyanya."

"Basi umevipikia kila msimu! Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja."

"Nimwage dawa kali?"

"Haiponyi mche uliougua. Na kisima cha wanao kile pale."

Mama Pacha hakuamini, ila sumu kuingia kisimani ilimtisha zaidi. Waling'oa miche yote iliyougua, wakaichoma mbali na maji. Bustani zote mbili zikapandwa mahindi kwa misimu kadhaa. Kitalu kipya walikiweka mahali pengine. Kabla ya kusia mbegu walikimwagilia maji, wakakifunika kwa nailoni angavu, wakafukia kingo zake. Jua kali lilichemsha udongo kwa wiki kama sita ili vijidudu vife.

Kila siku Mama Pacha alifunua kona kuchungulia.

"Kumbe wewe ni mpelelezi?" bibi shamba alimkemea. "Unatoa joto! Funika!"

Nyanya ziliporudi, miche michache ilinyauka. Ikang'olewa siku hiyohiyo. Mingine ilibeba mpaka ikainama. Wifi alikuja na ndoo.

"Nichume, au utanishitaki?"

"Chuma, wifi yangu. Ila osha viatu kwanza. Wewe nakuamini, viatu hapana."

Basi mama mwenzangu, jihadhari:

Usitupe mche mgonjwa mferejini wala kwenye mboji.

Usirudishe nyanya palipotoka bilinganya, pilipili au viazi mviringo.

Usinunue miche usiyojua kitalu chake.

Usifunue nailoni kabla ya wakati.

Usimwage sumu ardhini kwa kubahatisha, hasa karibu na kisima.

Usiazime wala kuazimisha jembe lenye udongo.