Gololi Iliyokosekana Kwenye Gurudumu la Bwana Miwani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Hosiana alichota maji mtoni, akafagia kiwanda cha baba yake na kuwasha mkaa. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la nyasi karibu na stesheni ya Korogwe. Wakati ule, miaka michache kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza, kila chuma kilichovunjika kililetwa pale: majembe, mapanga, hata bawaba za mlango wa kanisa.

Baba yake, Ernesti, alikuwa Mshambaa aliyeshuka kutoka milimani na ufundi aliorithi kwa baba yake. Msaidizi wake alikuwa Mwinjuma, kijana wa Kizigua kutoka Handeni, ambaye alivuta mivukuto ya kupulizia moto na kujifunza kazi. Mwinjuma alikuwa mcheshi. Alizoea kumwambia Hosiana kwamba akiendelea kupenda mkaa hivyo atakosa mchumba, na Hosiana alikuwa akimjibu kwamba bora mkaa kuliko mchumba mwenye maneno mengi.

Nyumba ile ilikuwa na ada yake. Kila kazi ilipokwisha, kipande kidogo cha chuma kipya kilifukiwa chini ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia. Hiyo ilikuwa sehemu ya babu, mhunzi wa kwanza wa ukoo. Ernesti alikuwa amebatizwa, tena alikuwa mzee wa kanisa, na padri hakutaka kusikia habari za mizimu. Kwa hiyo Ernesti hakufukia kitu kwa mkono wake. Hosiana ndiye aliyefukia, kama bibi yake alivyomfundisha. Baba hakuwahi kumwambia afanye, wala hakuwahi kumwambia aache. Aligeuza uso tu, kazi ikaendelea.

Siku moja Bwana Miwani alileta pikipiki yake. Huyu alikuwa Mdachi mpima ardhi, aliyezunguka kutoka Korogwe hadi Handeni akipima mashamba ya watu ili yapate kuwa ya watu wengine. Jina lake halisi wachache walilijua, na wachache hao hawakulipenda. Pikipiki yake ilikuwa ikinguruma nyuma kama inayosaga mawe, na gurudumu la nyuma lilikuwa linayumba.

Ernesti alilishika gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa kushoto na kulia. Lilicheza. Akasema gololi zimekwisha, zibadilishwe zote, kwani gololi ndizo zinazobeba uzito na kulifanya gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Bwana Miwani aliagiza gololi mpya, zikaja kwa gari moshi kutoka Tanga ndani ya mkebe mdogo. Zilikuwa za mviringo, zinang'aa, ukubwa wa punje ya mbaazi. Zilitosha vikombe viwili vya gurudumu tu, yale mabakuli ya chuma zinamokaa gololi, hapakuwa na ya akiba.

Walifungua mkanda na nati, wakalitoa gurudumu, wakachomoa ekseli. Gololi za zamani zilidondoka zikiwa zimelika na kuingia vishimo. Mwinjuma alichukua ekseli nje kuisafisha kwa mafuta ya taa. Vidole vya Ernesti vilikuwa vinene mno kwa kazi iliyobaki, ndiyo maana alimkabidhi Hosiana. Hosiana alipaka grisi ndani ya vikombe, akaanza kuzipanga gololi mpya moja moja, zikakaa kwenye grisi bila kuanguka. Katikati ya kazi Ernesti aliitwa stesheni, akaondoka.

Hosiana akabaki peke yake, na ndipo alipomkumbuka babu. Kazi ya jembe huacha vipande, lakini kazi hii haikuacha kitu ila gololi mbovu. Je, babu apewe kitu kilicholika? Ingekuwa sawa na kumwandalia mgeni makombo. Alifikiri kidogo, akachukua gololi moja mpya, akaifukia chini ya fuawe. Kisha akachagua ile ya zamani iliyoonekana nzuri kuliko wenzake, akaifuta kwa kitambaa na kuiweka kwenye nafasi iliyobaki. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, lakini hakuuona. Grisi ilifunika yote.

Ernesti aliporudi alivitazama vikombe.

"Zote mpya?" aliuliza.

"Zote, baba."

Kumpa babu gololi kulikuwa ujinga wa mtoto, na ujinga husameheka. Lakini neno lile "zote" lilikuwa uongo, na Hosiana alilijua hivyo lilipokuwa bado mdomoni. Ernesti alirudisha ekseli, akakaza taratibu, akalizungusha gurudumu. Lilikwenda kimya. Kesho yake Bwana Miwani akashika njia ya Handeni, vumbi nyuma yake.

Siku chache baadaye alirudishwa Korogwe akiwa amebebwa kwa machela, mkono umefungwa na uso umechubuka. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekwama ghafla kabla hajafika kijiji cha Sindeni, likamtupa kwenye mawe. Wapagazi wengine waliibeba pikipiki. Hakwenda kupumzika. Alikuja moja kwa moja kiwandani pamoja na akida na askari, akaamuru gurudumu lifunguliwe mbele ya macho yake.

Lilipofunguliwa, kila mtu aliona. Gololi moja ilikuwa imepasuka, na vipande vyake vilikuwa vimezisaga nyingine. Kipande kimoja bado kilionyesha vishimo vya uzee. Bwana Miwani hakuwa mjinga. Alijua ameleta gololi mpya tupu, na sasa aliuliza nani ameiba moja na kumwekea taka.

Ernesti alitupa jicho chini ya fuawe, mara moja tu, akalirudisha haraka. Hosiana alimwona. Alingoja baba aseme, na baba akasema.

"Kazi hii tuliishika watatu, bwana. Mimi, mtoto wangu, na huyu."

Hakumtaja Mwinjuma kwa jina. Lakini huyo fundi wa kanisani hawezi kuwa mwizi, na mtoto ni mtoto, basi nani amebaki? Askari walimshika Mwinjuma mikono.

"Fundi, waambie," Mwinjuma alisema. "Unanijua."

Fundi aliinama kuokota spana iliyokuwa haijaanguka. Mwinjuma akamgeukia Hosiana, akamtazama, na Hosiana akatazama mkaa.

Walimpiga hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, uwanjani kwa akida, watu wakiwa wameitwa watazame, kama ilivyokuwa desturi ya serikali ile ambayo ilikuwa na haraka ya kuchapa kuliko ya kuuliza. Kisha wakamtia mnyororo shingoni pamoja na wafungwa wengine, akapelekwa kutengeneza barabara. Hosiana alikisikia kilio chake cha viboko akiwa nyumbani. Mtoni kesho yake wanawake walisema kumbe yule Mzigua alikuwa mwizi na uso wake mzuri vile. Hosiana alijitwisha mtungi, akaondoka bila kuaga, maji yakimwagika njia nzima.

Alimkuta baba yake anapiga tupa, akinoa panga.

"Baba, gololi iko chini ya fuawe," alisema. "Niliifukia mimi. Nilikudanganya."

Ernesti hakuacha kupiga tupa. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu walipofungua gurudumu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ningesema nini, mwanangu? Kwamba mzee wa kanisa analisha mizimu? Na wewe wangekufanya nini? Niliogopa kwa ajili yako."

"Kwa hiyo tukamwacha kaka Mwinjuma achapwe."

Ernesti aliweka tupa chini. Hosiana hakungoja jibu. Alipiga magoti, akachimba kwa mikono mpaka akaipata ile gololi, ikiwa bado inang'aa. Akatoka nayo kuelekea kwa akida. Njiani alilia waziwazi, bila kujali waliomtazama. Alipokaribia uwanja alisikia hatua nyuma yake. Ilikuwa baba yake. Alimpita, akatangulia, akavua kofia.

Ernesti alieleza yote: gololi, ada ya nyumba yake, na jinsi alivyojua akanyamaza. Hosiana akafungua kiganja. Akida alitaka Ernesti naye alazwe chini, lakini Bwana Miwani, aliyekuwa akiuguza mkono wake pale kwa akida, alikataa. Si kwa huruma. Pikipiki ilikuwa haijatengenezwa, na hapakuwa na fundi mwingine Korogwe. Mikono ya Ernesti ilikuwa na kazi, ndiyo maana mgongo wake ulipona. Mwinjuma alifunguliwa mnyororo. Hakuna aliyemwomba radhi pale uwanjani, wala hakuna aliyetangaza mbele ya watu kwamba hakuiba.

Gololi nyingine zilikuja kutoka Tanga. Hosiana alizipanga baba yake akiwa amesimama pembeni, na mara hii hapakuwa na sehemu ya mtu. Ernesti alikaza ekseli, akalitikisa gurudumu, halikucheza. Aliijaribu pikipiki mpaka darajani na kurudi kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kuungama, na padri akamwondoa katika wazee wa kanisa. Alikaa benchi la nyuma, na baadhi ya watu walisogea kidogo asiwaguse.

Mwanaidi, mama yake Mwinjuma, alikuja kutoka Handeni kumchukua mwanawe. Hosiana alimwamkia shikamoo, na yule mama akaitikia marahaba bila kumtazama. Ernesti alimsihi Mwinjuma abaki. Alisema atamfundisha kazi yote, asimfiche hata kitu kimoja, na mbele ya kila mteja atasema kwamba kijana huyu hakuiba.

Mwinjuma alikusanya nguo zake. Shati hakuweza kulivaa vizuri, akalitupia tu mabegani.

"Nisamehe, kaka," Hosiana alisema.

"Siku ile nilikutazama," Mwinjuma alijibu. "Nilikuwa nakungoja useme."

Mwanaidi ndipo alipomgeukia. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu mzima aliyechoka kwa safari, na maneno yake aliyatoa polepole, ili yule mtoto asikose hata moja.

"Mwanangu, ulimpa babu yako gololi kwa nia njema, sikulaumu. Ukaogopa, nayo sikulaumu, sote tunaogopa. Lakini ulikaa na uoga wako nyumbani, na aliyeulipia ni huyu. Mmesema kweli, nami nashukuru, maana bila hiyo angekuwa barabarani hadi leo. Mngeisema pale pale gurudumu lilipofunguliwa, leo ningekuja kumtembelea tu, nimletee mahindi, nirudi zangu. Utakosea tena, maana wewe ni binadamu. Siku hiyo useme kabla mwingine hajashikwa." Kisha akamtazama Ernesti. "Na wewe, baba, mtoto alikuwa anakungoja wewe uanze."

Hosiana alijibu, "Nimesikia, mama," akapiga goti.

Mama na mwana wakashika njia ya Handeni kwa miguu. Walikwenda taratibu, wakisimama mara kwa mara, kwa sababu mgongo wa Mwinjuma ulikuwa haujapona.