Kisima cha Nyanya Harusi

Mtu anayekuja kuchapisha picha kubwa dukani saa ya msongamano ni kero tupu, na Rufaida alikuwa tayari kumtimua. Ila huyu, Faiz kwa jina, alinukia udi, shati jeupe limenyooka, na picha yenyewe ilikuwa ya ajabu: kijivu tupu, yenye mistari.

"Hii picha au moshi?"

"Rada ya setilaiti. Inaona hata kukiwa na mawingu. Mimi mwanajiolojia, nachora ramani ya miamba."

"Basi hapo ni Kakuyuni. Shamba la nyanyangu lipo kwenye hiyo kona ya mto."

"Kumbe siku zote nakutazama toka juu, habibti!"

Rufaida akacheka, na moyo ukaenda. Miezi mitatu ya simu na halwa za jioni mjini Malindi, kisha akampeleka shambani. Nyanya Harusi alimwonyesha kisima kilichofichwa na vichaka, kisichokauka hata kiangazi, kinachonywesha nyumba kumi.

"Kampuni ya maji ya chupa ikikijua itachimba, nasi tutakauka," akasema.

"Wallahi sitakitia kwenye ramani."

Tangu hapo Nyanya akawa anamwita Faiz mjukuu wake.

Wiki ya posa, Gachanja, mwenzake Faiz kazini, alileta flashi dukani. "Dada, nakala sita, za kampuni ya maji." Rufaida akabonyeza. Karatasi ikatoka polepole: Kakuyuni, ufa wa mwamba, na juu ya kisima duara jekundu lenye maneno "Uchimbaji uanzie hapa". Gachanja alipoondoka, Rufaida alijichapishia nakala ya saba, akapiga simu.

"Faiz, uliapa."

"Mpenzi, ule ufa unaopitisha maji rada iliuona kitambo..."

"Rada iliona ufa. Kisima tulikuonyesha sisi!"

"Walitaka uthibitisho wa ardhini, mtu ayaone maji kwa macho. Kazi ingenitoka. Ningekuoa na nini?"

"Usinisingizie mimi. Ijumaa wazee wako walete posa Kakuyuni. Ufunue ramani mbele ya nyanya, umwambie kwa kinywa chako. Ukiweza, nimekusamehe."

"Nitakuja," akasema kwa sauti ndogo.

Ijumaa Nyanya Harusi alijifunga leso mpya, akatandika mkeka, akapika pilau. Alasiri ikapita, pilau ikapoa. Simu ya Faiz ilikuwa imezimwa. Rufaida alimchukia, na bado masikio yake yalisikilizia gari barabarani.

"Mjukuu wangu kapotea njia?"

Rufaida akaikunjua ramani juu ya mkeka, akaweka kidole kwenye duara jekundu.

"Njia anaijua, nyanya. Niliyemleta ni mimi."