Mibofyo Mitano

Rafiki yangu Thane alikuwa na miezi miwili tangu apate leseni ya urubani, muda ambao mtu hujiona anajua. Alikuwa akimpelekea dada yake dawa ya mbwa, nyuma ya mlima huku Alaska, theluji ikamfunika angani na mchana ukawa giza. Uwanja mdogo wa ndege wa kule kwa dada yake hauna mhudumu. Rubani mwenyewe hubofya kitufe cha redio mara tano, taa za njia ya kutulia zikawaka.

Akabofya. Giza tupu. Kabla hajarudia, akasikia kwenye vipokea sauti vya masikioni mtu mwingine akibofya, taratibu, mara tano. Mistari miwili ya taa ikawaka mbele yake. Akaanza kushuka.

"Thane, uko wapi wewe?" Ilikuwa sauti ya shemeji yake, Orrin, kwenye redio ya gari lake kule uwanjani.

"Nimeshaziona taa, shem. Natua."

"Taa gani? Umeme umekatika tangu asubuhi. Inua ndege, bwana. Inua sasa hivi."

Akavuta usukani. Mwamba ukapita chini ya magurudumu.

Alitua kwa mwanga wa gari la Orrin. Akazima injini, akazima redio. Masikioni, mtu akabofya tena, taratibu, mara tano.

Kule mlimani taa zikawaka.