Bibi na Gunia la Mlangoni

Kila Jumamosi asubuhi Pelagia alichota maji ziwani, kisha akamsaidia bibi yake, Bibi Scholastika, kupanga sato juu ya tanuri ndani ya banda. Samaki wa moshi wa bibi walisifika Kisorya nzima kwa rangi yao ya kahawia. Siri ilikuwa gunia lililoloweshwa maji: bibi alilitundika mlangoni mwa banda, moshi ukakosa pa kutokea, naye akabaki humohumo akigeuza samaki.

Lakini bibi huyo, jamani! Siku hizi akitoka bandani alishika ukuta, midomo imekuwa ya zambarau, pumzi inamkatika katikati ya salamu. Ukimuuliza, anacheka.

"Uzee tu, mama."

Jumapili moja alikaa chini njiani akitoka kanisani, akashindwa kuinuka. Kesho yake mwanawe, Gody, akampeleka hospitali Bunda, na Pelagia akafuatana nao.

Daktari Eunice alimbana bibi kidoleni kwa kifaa kidogo, akasoma, akakunja uso.

"Oksijeni iko chini sana, bibi. Bado unakaa kwenye moshi?"

"Aka! Nilishaachaga zamani."

Pelagia aliinua kichwa. Bibi alikuwa amemkazia macho. Amuumbue bibi yake mbele ya mgeni? Lakini akinyamaza, bibi atapewa dawa na kurudi kwenye moshi uleule, mpaka umuue.

"Nisamehe, bibi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Daktari, juzi tu alikuwa bandani. Mlango tunauzibaga na gunia. Mimi ndiye ninayelilowesha."

Bibi akageukia ukutani.

"Umenisaidia sana, binti," daktari akasema. "Bibi, moshi umezivimbisha njia zako za hewa, zimekuwa nyembamba na zimejaa makohozi. Oksijeni ikipungua kwa muda mrefu, mishipa ya damu ya mapafu nayo hujikaza, moyo ukasukuma kwa taabu. Yaliyoharibika hayarudi yote. Yaliyobaki tutayalinda, ila usipoacha moshi, dawa zangu ni kazi bure."

Wakati wa kurudi bibi alikataa kuketi karibu na mjukuu wake. Pelagia alilia kimyakimya.

Gody hakungoja. Alibomoa banda, akajenga tanuri la udongo uani, lenye bomba refu la moshi, na kazi ya moto akaichukua yeye. Bibi akahamia gengeni kuuza, na kwa maneno nani anamweza? Baada ya miezi michache bado alitembea polepole, lakini aliweza kumsimulia mteja habari za kijiji kizima bila kutweta.

"Mbona samaki wamepauka, mama?" mteja mmoja akalalamika.

"Chukua hivyohivyo. Ile kahawia ilikuwa inatoka mapafuni mwangu!"

Walicheka wote. Kisha bibi akamvuta Pelagia karibu.

"Siku ile nilikukasirikia, mjukuu wangu, na nilikosea. Kumheshimu mkubwa si kumfichia ugonjwa. Ungenyamaza kwa adabu, mngenizika kwa adabu."